Kiwanja cha Umma na Haki ya Mpangaji



Kila mwaka, Noeli inapokaribia, tunajenga pango katika makanisa yetu. Vijana hukata nyasi, akina mama huleta vitambaa, na watoto hupanga ng'ombe na kondoo wa udongo. Tunawafundisha watoto hao kwamba Maria na Yosefu walikosa nafasi katika nyumba ya wageni. Lililo gumu zaidi ni kuwafundisha kwamba aliyekosa nafasi yupo pia mtaa wa pili, katika chumba kimoja cha kupanga, pamoja na watoto wanne, na kwamba mwezi ujao anatakiwa kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo mmoja. Ndiyo sababu katika toleo hili tumeamua kusema juu ya makazi ya watu wa kipato kidogo katika miji yetu ya Kasulu na Kibondo.

Atakuwapo wa kutuuliza: je, katika nyanda hizi za juu za Kigoma kuna shida ya nyumba? Ardhi si ipo tele, na kila kijana si anajua kufyatua tofali? Kijijini ni kweli. Mwenye shamba la baba yake, tanuru la matofali na ndugu wa kumsaidia kuezeka, hufika mahali akaingia kwake. Lakini mjini hali ni nyingine. Mwalimu aliyehamishiwa hapa kutoka mkoa mwingine, muuguzi wa zamu ya usiku, mama anayeuza mawese na unga wa muhogo sokoni, kijana wa bodaboda, mjane aliyeondoka kijijini baada ya shemeji zake kugawana shamba: hao wote wanahitaji kulala karibu na mahali wanapopata riziki, na hawana kiwanja.

Tukumbuke jinsi miji hii ilivyokua. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwakusanya watu wengi wa mkoa wetu vijijini, na wengi wakaacha maboma ya wazee wao. Kuanzia mwaka 1993, vita na mauaji katika nchi jirani vilileta wakimbizi kwa mamia ya maelfu, na Kibondo na Kasulu zikawa vituo vya mashirika ya misaada. Mashirika hayo yalihitaji ofisi na nyumba za watumishi, na mwenye nyumba aliyeweza kumpangisha mgeni wa kulipa vizuri hakuwa na haraka ya kumpangisha mwalimu wa shule ya msingi. Kambi ya Nduta ilifunguliwa upya mwaka 2015. Kambi ya Mtendeli ikafungwa mwaka 2021. Mwaka 2012 wilaya zetu ziligawanyika, na zikazaliwa Buhigwe na Kakonko. Barabara za lami zimefika, na umeme wa gridi ya taifa umechukua nafasi ya jenereta. Tunamshukuru Mungu kwa hayo yote. Hata hivyo, tuseme ukweli ambao mpangaji anaujua kuliko sisi: kila neema ya namna hii hupandisha bei ya kiwanja kabla ya kupandisha kipato cha mtu asiye na kiwanja.

Hapo ndipo linapokuja jambo tunalotaka mlitafakari. Katikati ya miji yetu vipo vipande vidogo vya ardhi ya umma: kota za zamani zilizochakaa, ghala lisilotumika, uwanja uliobaki baada ya ofisi kuhamishwa. Vipande hivyo vinavutia macho ya wengi. Mfanyabiashara anaona maduka, na halmashauri inaona ushuru. Sisi tunasema kwamba kipande cha ardhi ya umma kilichobaki katikati ya mji ni kiwanja pekee cha yule asiye na kiwanja. Kikiuzwa mara moja, hakirudi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nyumba zijengwe kwa mchoro gani, tuulize mambo mawili: ardhi itabaki mikononi mwa nani, na majina ya watakaoishi humo yameandikwa wapi?

Hatuyasemi haya kwa kubuni, maana nchi yetu ina historia ndefu katika jambo hili. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, mara tu baada ya Uhuru, na miongoni mwa kazi zake za kwanza ilikuwa kubomoa vibanda vya udongo vya Dar es Salaam na kujenga nyumba za kudumu mahali pake. Nia ilikuwa njema. Lakini kazi ya kubomoa ilikula fedha nyingi, na nyumba mpya nyingi zilichukua tu nafasi ya zile zilizobomolewa, wakati mji ukizidi kujaa. Katika miaka ya 1970 serikali ikageukia njia nyingine: kupima viwanja, kuvuta maji na barabara, na kuwaacha wananchi wajenge wenyewe. Sinza na Kijitonyama zilipatikana kwa njia hiyo. Benki ya Nyumba, iliyokuwa ikikopesha wajenzi wadogo, ilianguka mwaka 1995. Mwaka 2005 sheria ilirekebishwa ili Shirika la Nyumba lijiendeshe kibiashara. Tangu hapo mtu wa kipato kidogo amekuwa akisikia tangazo la nyumba za gharama nafuu, na akifika kuuliza bei anarudi kimya.

Somo lililo wazi zaidi ni la Magomeni Kota, Dar es Salaam. Zilikuwa nyumba za umma za tangu wakati wa ukoloni, nyumba za chini, katika eneo ambalo mji ulikuwa umelizunguka pande zote. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wakazi waliondolewa na nyumba zikabomolewa kwa ahadi kwamba watajengewa nyingine bora. Miaka ikapita, uwanja ukabaki mtupu, na familia zikatawanyika kwa ndugu na katika vyumba vya kupanga. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alifika pale, akaamuru serikali ijenge, na akaahidi kwamba watakaorudi wataishi miaka mitano bila kulipa kodi. Wakala wa Majengo akajenga maghorofa. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akayazindua, kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale zamani, na akaelekeza kwamba wakazi waweze kuzinunua hatua kwa hatua, kama wapangaji wanunuzi, pasipo kuingiza thamani ya ardhi katika bei.

Tutazame kwa makini mambo matatu katika habari hiyo. La kwanza, kulikuwa na orodha. Kaya 644 zilijulikana, na kwa sababu zilijulikana ziliweza kudai. Kama majina yasingehifadhiwa, baada ya miaka kumi nani angethibitisha kwamba alikuwa mkazi? La pili, thamani ya ardhi iliondolewa katika bei. Katikati ya mji ardhi ni sehemu kubwa ya gharama ya nyumba. Umma ukiitoa ardhi yake, nyumba hushuka hadi mahali ambapo mfanyakazi wa kawaida anaweza angalau kunyoosha mkono. La tatu ni la huzuni: ile miaka ya kungoja. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza nyumba zilipobomolewa alikuwa kijana zilipofunguliwa, na baadhi ya wazee waliong'olewa pale hawakuuona mlango mpya. Haki iliyochelewa kiasi hicho ilifika, lakini haikufika kwa wote.

Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza ni hii: pasibomolewe ukuta wowote kabla orodha ya wakazi haijabandikwa hadharani, kabla fedha za kujenga hazijawa mkononi, na kabla mahali pa kuishi kwa muda hapajaonekana. Na pale ambapo kiwanja kinaruhusu, kijengwe nusu kwa nusu, ili waliopo wahamie upande mmoja wakati upande mwingine unajengwa.

Ipo pia mifano ya mbali inayotufaa. Katika mji wa Iquique nchini Chile, familia zipatazo 100 zilikuwa zimeishi kwa miaka 30 hivi bila hati, kwenye kiwanja cha nusu hekta katikati ya mji. Ruzuku ya serikali ilikuwa dola 7,500 kwa familia, ambayo ilipaswa kutosha ardhi, miundombinu na nyumba yenyewe. Kwa fedha hizo ingekuwa rahisi kuwapeleka mbali jangwani. Mbunifu majengo Alejandro Aravena na wenzake, wakizungumza na wakazi wenyewe, waliamua kujenga nusu ya nyumba nzuri badala ya nyumba nzima mbovu. Walijenga ile nusu ambayo familia peke yake isingeweza kuijenga vizuri: msingi, kuta za kugawana, jiko, choo na ngazi. Nafasi ya nusu nyingine iliachwa wazi, na familia zikaijaza kadiri zilivyopata. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 2004, na watu wakabaki karibu na kazi na shule zao.

Je, si hivyo hivyo watu wetu wanavyojenga? Mwaka huu msingi, mwaka kesho kuta, mavuno yakiwa mazuri mabati, na lipu itakuja Mungu akipenda. Kosa la nyumba nyingi za umma ni kumletea mtu nyumba iliyomalizika pamoja na deni lililomalizika, kana kwamba kipato chake ni cha mshahara usiobadilika. Mama wa sokoni hana mshahara. Ana msimu.

Tupige hesabu ndogo, ambayo kila kiongozi wa jumuiya anaweza kuirudia ubaoni. Chukua kiwanja cha mita 40 kwa 50, yaani mita za mraba 2,000. Ukikikata kwa viwanja vya mita za mraba 400, utapata familia tano, na bila shaka zitakuwa familia tano zenye uwezo. Sasa panga nyumba za safu, zinazoshirikiana kuta, kila moja ikikalia mita 5 kwa 8, na uwezo wa kupandisha ghorofa moja hapo baadaye. Nyumba 20 zitakalia mita za mraba 800. Zinabaki mita za mraba 1,200 kwa ajili ya njia, ua wa pamoja, matangi, mashimo ya maji taka, miti na nafasi ya watoto kucheza. Familia 20 mahali pa tano, na hakuna haja ya maghorofa marefu yenye lifti ambayo siku ikiharibika hakuna wa kuitengeneza.

Kuhusu vifaa, tunao wajibu pia kwa misitu yetu. Tofali la kuchoma limejenga karibu kila kitu tunachokiona, makanisa yetu yakiwamo, lakini kila tanuru hula kuni nyingi, na wote tumeona jinsi milima iliyozunguka makazi makubwa ilivyobaki wazi. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi uliwahi kufundisha utengenezaji wa matofali ya kufungamana: udongo mwekundu uliochekechwa, saruji kidogo na maji, hukandamizwa kwa mashine ya mkono, kisha hutunzwa kivulini yakinyunyiziwa maji mpaka yakomae. Hayachomwi, na kwa kuwa yanashikana yenyewe, hupunguza udongo na saruji ya kujengea. Vijana wa mtaa wanaweza kuifanya kazi hiyo, na fedha ya ujenzi ikabaki mtaani.

Vivyo hivyo maji. Mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 100 huleta lita 100,000. Tukipoteza hata sehemu ya tano, zinabaki lita 80,000, ambazo leo zinachimba makorongo barabarani. Mfereji wa bati na tangi la pamoja si anasa. Ni sehemu ya nyumba. Na choo ni sehemu ya nyumba. Pale familia 20 zinapokaa pamoja, mashimo ya vyoo yakichimbwa ovyo karibu na visima ni mwaliko wa kipindupindu.

Tena wajenzi wawasikilize watakaoishi humo, hasa akina mama. Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nani atatwanga wapi? Mkaa utawashwa wapi? Atakayewapa watu vyumba vya juu visivyo na jiko lenye hewa atakuwa amewaachia hatari kubwa, maana moshi na hewa ya sumu ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini. Mzee asiyeweza kupanda ngazi atalala wapi? Maswali hayo hayana gharama yakiulizwa kabla ya kujenga. Yakiulizwa baadaye, gharama yake ni kubwa.

Tunajua majibu tutakayopewa. Wa kwanza atasema halmashauri ni maskini, na kiwanja kikiuzwa kitaleta fedha za zahanati na madawati. Hatudharau zahanati wala madawati. Lakini fedha ya kiwanja huliwa mara moja, na wapangaji wataendelea kuwapo kila mwaka. Inawezekana ardhi ibaki ya umma, vyumba vichache vya mbele vipangishwe kama maduka, na kodi ya maduka hayo isaidie kutunza nyumba zilizo nyuma.

Wa pili atasema: wapewe viwanja nje ya mji, huko ardhi ni rahisi. Tuseme nauli ya bodaboda ni shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 52,000 kwa mwezi, za mtu mmoja. Kiwanja cha bei rahisi kinamdai mwenyewe kila asubuhi. Tena huko nje ya mji ndiko yaliko mashamba yanayotulisha.

Wa tatu atasema maskini hawawezi kujipanga. Huyo tunamwelekeza Chamazi, Dar es Salaam. Watu waliopaswa kuondoka Kurasini kwa ajili ya upanuzi wa bandari walijiunga katika vikundi vya kuweka akiba, wakanunua ardhi kwa pamoja na kuanza kujenga nyumba zao kwa ushirika. Hawakuwa matajiri. Walikuwa na daftari la akiba, na waliaminiana.

Ndugu zetu, Kanisa linasema juu ya nyumba kwa sababu linasema juu ya mtu. Papa Yohane XXIII, katika waraka wake wa mwaka 1963 juu ya amani, aliyataja makazi miongoni mwa mambo ambayo kila mtu ana haki ya kuyapata ili aishi kwa heshima. Papa Fransisko alilirudia jambo hilo mwaka 2015 katika waraka wake juu ya utunzaji wa nyumba yetu ya pamoja. Nchi yetu nayo, tangu mwaka 1976, imefungwa na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni, unaotambua haki ya mtu kuwa na makazi ya kutosha. Kwa hiyo anayeomba nyumba ya haki haombi sadaka.

Lakini hatuwezi kunyoosha kidole kwa halmashauri na kuficha mkono wetu wa pili. Parokia zetu pia zina ardhi mjini. Baadhi ya nyumba zetu zina wapangaji. Je, sisi tunadai kodi ya mwaka mzima? Watumishi wetu wenyewe, katekista, mpishi, mlinzi, wanalala wapi? Na miongoni mwetu tunaokomunika kila Jumapili wamo wenye nyumba. Je, mpangaji aliyefiwa hupewa muda, au hufungiwa mlango na vyombo vyake nje? Tume hii itakosa uso wa kusimama mbele ya madiwani ikiwa maswali hayo hayajajibiwa kwanza nyumbani.

Tunapendekeza basi kila jumuiya ndogondogo ichukue mambo haya manne na kuyafanyia kazi.

Kwanza, kila jumuiya iwatambue wapangaji wake. Iandike wangapi wanaishi chumba kimoja, kodi hudaiwa ya miezi mingapi, na choo kinatumiwa na familia ngapi. Daftari hilo litunzwe kwa siri na heshima, maana ni habari za watu.

Pili, viongozi wa walei waulize kwa upole, katika mkutano wa mtaa na kwa diwani, ni vipande gani vya ardhi ya umma vilivyobaki mjini na vimekusudiwa nini. Ni swali la raia, wala si uchochezi. Waulize mapema, kabla tangazo la mnada halijabandikwa.

Tatu, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vitenge mfuko wa kodi, ili mwanachama akopeshwe kodi ya mkupuo na kuirudisha kidogo kidogo. Hilo haliwezi kungoja serikali.

Nne, kila parokia iangalie ardhi yake yenyewe, na ione kama kipo kipande ambapo nyumba tatu au nne za mfano zingeweza kujengwa kwa matofali ya kufungamana na tangi la maji ya mvua, kwa ajili ya watu ambao hawangeweza kupanga kwingine. Maneno yetu yatakuwa na uzito zaidi yakiwa na ukuta wa kuegemea.

Nehemia aliporudi Yerusalemu na kuukuta ukuta umebomoka, hakuanza kwa kulaumu. Alizunguka usiku akaona kila palipoharibika, kisha akawagawia watu sehemu, na wengi wao walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Ndipo, kazi ikiendelea, alipowakaripia wakubwa waliowanyang'anya maskini mashamba na nyumba kwa sababu ya madeni, akawataka wazirudishe. Mambo hayo mawili, kujenga na kurudisha haki, aliyafanya kwa pamoja. Nasi tusiyatenganishe.

Mpangaji tuliyeanza naye bado yupo mtaa wa pili, na miezi yake sita inakaribia kwisha. Wanajumuiya wa mtaa huo waende kumtembelea wiki hii, na waende na daftari.